Injini ya Turbo Imefungwa Upya na Haiko Sawa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kurekebisha Makosa ya Ufungaji kwenye EJ20 ya Subaru

Mwongozo huu ni wa mwenye Subaru ya turbo ambaye injini yake ya EJ20 imefungwa upya gereji kwa pistoni na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki, yaani shafti kuu ya injini) za kufuliwa, zile ambazo mafundi huziita foji, na ambaye baada ya kulipa na kungoja amekabidhiwa gari linalogonga, linalotoa moshi wa buluu, lisilo na nguvu au lisilowaka kabisa. Sababu kubwa ya watu kushindwa katika hali hii ni kwamba huiwasha injini mara kwa mara ili waisikie vizuri, kisha huifungua kwa hasira bila kipimo hata kimoja, na alama ambayo ingewaonyesha kosa lilipo inapotelea kwenye beseni la kuoshea vipuri.

Tutakwenda kutoka nje kuingia ndani. Bolti za bloku haziguswi hadi filta, taimingi (ulinganifu wa kranki na kamshafti, yaani shafti zinazofungua valvu), silinda na presha ya oili ziwe zimepimwa na majibu yake yameandikwa, isipokuwa filta ikikutwa na vipande vya beringi.

## Vifaa vinavyohitajika

- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) iliyopimwa usahihi wake, na boksi ya milimita 22 ya bolti ya kranki.
- Geji ya kompresheni na kifaa cha kupima uvujaji wa silinda, pamoja na kompresa ya hewa.
- Geji ya presha ya oili ya kufunga kwa mkono, si ile ya umeme.
- Kikata filta, sumaku na karatasi nyeupe.
- Maikromita ya nje, geji ya kupimia ndani ya tundu, na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi).
- Kalamu ya rangi, simu ya kupigia picha, daftari, na maboksi yenye namba 1 hadi 4.
- Kitabu cha ufundi cha aina hasa ya EJ20 uliyonayo, pamoja na karatasi za vipimo zilizokuja na pistoni, konrodi na bolti zake.

Karatasi hizo za mwisho ndizo hutupwa pamoja na maboksi. Kama huna, zitafute kwa mtengenezaji kabla ya kushika spana, kwa kuwa vipimo vya kiwandani vya Subaru havihusu pistoni wala bolti ambazo Subaru hakuzitengeneza.

## Hatua ya 1: Zima injini na uandike

Beringi ya konrodi iliyoanza kusuguana na kranki inaweza kuiharibu kranki hiyo ndani ya dakika chache, na kranki iliyoharibika ni gharama kubwa kuliko beringi zote kwa pamoja. Kwa hiyo zima, kisha andika unachokumbuka: je, mlio ulisikika injini ikiwa baridi au moto? Je, uliongezeka kadiri mzunguko ulivyopanda? Je, moshi ulitoka wakati wa kuwasha, wakati wa kukanyaga mafuta, au ulipoachia?

Hapa kuna tofauti moja ambayo imewafanya watu wafungue injini nzima bila sababu. Pistoni nyingi za kufuliwa hutengenezwa kwa aloi ya aluminiamu namba 2618, ambayo hutanuka sana inapopata joto, na kwa hiyo hufungwa na nafasi kubwa zaidi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Injini ikiwa baridi, pistoni hizo hugonga ukuta kwa mlio mkavu ambao hupungua na kutoweka kadiri joto linavyopanda. Hilo si kosa la ufungaji. Mlio wa beringi ya konrodi huenda kinyume: oili inapopata moto na kuwa nyepesi, mlio huzidi, na husikika zaidi unapoachia mafuta ghafla. Ukiambiwa kwamba pistoni zitazoea, uliza zitazoea katika joto lipi. Fundi anayejua kazi yake hatakasirishwa na swali hilo.

Omba pia gereji karatasi ya vipimo vilivyochukuliwa wakati wa kufunga: nafasi ya oili kwenye kila beringi, mwanya wa kila ringi, na nafasi kati ya kila pistoni na silinda yake. Kama karatasi haipo, chukulia kwamba hakuna kilichopimwa.

Umefaulu ikiwa: una ukurasa mmoja wenye dalili zilizoandikwa, na unajua ni vipimo vipi vilifanyika na vipi havikufanyika.

## Hatua ya 2: Isome oili na filta

Mwaga oili kwenye chombo kisafi ukiipitisha juu ya kitambaa cheupe. Kata filta kwa kikata filta. Usitumie msumeno wa chuma, kwa sababu chenga zake zitachanganyika na zile unazozitafuta. Kunjua karatasi ya filta, ikamue, itandaze juani na uisome.

Unga mweusi mwembamba unaonaswa na sumaku, kwa kiasi kidogo, ni wa kawaida kwa injini ambayo ringi zake ndiyo kwanza zinajikalia. Vipande vinavyometameta ambavyo sumaku haivishiki ni vya beringi au vya aluminiamu ya pistoni. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu la beringi limekwisha na kranki imeanza kula tabaka la chini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji ya rejeta.

Tafuta pia vijinyuzi laini vya silikoni. Fundi aliyejaza silikoni kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) au kwenye maungio ya bloku hufurahi kuona imefura kwa nje, lakini iliyofura nje imefura ndani vilevile, na ile ya ndani hukatika ikaenda kuziba chujio la bomba linalovuta oili.

Onyo: ukikuta vipande vya beringi, usiwashe injini hiyo tena hata kwa sekunde kumi. Ruka hadi hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Hakikisha taimingi, hasa alama ya kranki

Kabla ya kufungua makava ya mbele, maliza mambo madogo: mabomba ya hewa baada ya turbo yamebanwa, plagi za nyaya za injekta na sensa ziko mahali pake, na moto wa koili unafuata mpangilio wa 1-3-2-4, silinda 1 na 3 zikiwa upande wa kulia wa gari na 2 na 4 upande wa kushoto. Kama umeongeza ukubwa wa injekta bila kubadilisha programu ya kompyuta ya gari, usimlaumu aliyefunga injini.

Sasa fungua makava ya mkanda wa taimingi. Gia ya kranki ya EJ ina alama mbili, na mojawapo imewaponza wengi. Mbele ya gia kuna mshale unaoonekana waziwazi. Mshale huo huonyesha pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa, na hautumiki kufungia mkanda. Alama ya kufungia ni mstari mdogo ulio nyuma ya gia, kwenye jino mojawapo linalosomwa na sensa ya kranki, nao unatakiwa kulingana na alama ya juu kwenye pampu ya oili. Mstari huo unapokuwa mahali pake, pistoni zote nne ziko katikati ya silinda, na hivyo kamshafti zinaweza kuwekwa bila valvu kukutana na pistoni.

Aliyetumia mshale amekosea kwa robo mzunguko wa kranki. Kosa hilo halisamehewi na EJ20 yenye kamshafti nne, kwa kuwa valvu zake hufika mahali pistoni inapopita. Kama injini ilipigwa starta katika hali hiyo, jiandae kukuta valvu zilizopinda.

Kwenye kamshafti, mistari miwili ya gia ya valvu za kuingiza hewa hutakiwa kukutana na mistari miwili ya gia ya valvu za moshi, na alama moja ya kila gia hulingana na mfuo wa kava la nyuma. Kuwa mwangalifu na upande wa kushoto: kamshafti zake huwa chini ya mvuto wa springi, na mkanda ukitoka huruka kwa nguvu. Zikizungushwa ovyo, valvu za kuingiza na za kutoa huweza kugongana zenyewe, hata pistoni zikiwa mbali.

Zungusha kranki kwa mkono, kwa spana ya 22, kuelekea saa inakozunguka, mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama za gia upya. Ukihisi kizuizi kigumu, simama hapo hapo. Usiongeze bomba kwenye spana. Mistari iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe haitalingana tena baada ya kuzungusha, na hilo ni la kawaida, kwa kuwa ile ni ya kukuongoza unapovalisha tu.

Angalia pia kikaza mkanda. Pini yake inatakiwa kubanwa polepole kwenye jiliwa kikiwa kimesimama wima, kwa muda wa dakika 3 au zaidi. Aliyekibana kwa pupa ameharibu muhuri wake wa ndani, na mkanda utalegea na kuruka meno baada ya siku chache.

Umefaulu ikiwa: baada ya mizunguko miwili alama zote za gia zimerudi mahali pake, na kranki imezunguka kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho.

## Hatua ya 4: Pima kompresheni na uvujaji

Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na plagi zote nne za moto, shikilia valvu ya hewa (ile inayofunguka ukikanyaga mafuta) ikiwa wazi kabisa, hakikisha betri imejaa, kisha piga starta hadi geji iache kupanda. Andika kila silinda. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini isizidi takriban asilimia 10.

Namba yenyewe isikutie hofu kabla hujafikiria ulipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18 ikilinganishwa na ya pwani. Injini inayosoma psi 150 Mombasa au Dar es Salaam itasoma karibu psi 122 Nairobi ikiwa na afya ile ile.

Kipimo cha uvujaji kinaeleza zaidi. Peleka pistoni ya silinda unayopima juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, zuia kranki isizunguke, kisha ingiza hewa. Uvujaji wa chini ya asilimia 10 ni mzuri. Ukipita 20 kuna kosa. Tega sikio: hewa ikitokea kwenye mdomo wa kuingizia hewa, valvu ya kuingiza haifungi, ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya moshi, ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi, na maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi ya hedi.

Valvu isiyofunga haina maana ya valvu iliyopinda moja kwa moja. Pima kwanza tapeti, yaani nafasi kati ya kamshafti na valvu, kwa fila geji. Fundi aliyesugua viti vya valvu bila kurekebisha tapeti ameisogeza valvu juu, nafasi imekwisha, na valvu inabaki wazi kidogo muda wote.

## Hatua ya 5: Presha ya oili kabla ya moto

Jaza oili, funga geji ya mkono mahali pa swichi ya presha ya oili, acha plagi nje na fyuzi ya petroli ikiwa imechomolewa, kisha piga starta kwa vipindi vifupi ukiiacha ipoe kati ya kipindi na kipindi. Geji lazima ipande kabla injini haijawahi kuona moto wa plagi.

Ikikataa, sababu za kawaida ni nne. Pampu ilifungwa kavu, na haina oili ya kuanzia kuvutia. Ringi ya mpira kati ya pampu na bloku imesahaulika au imekatika. Skrubu za bamba la nyuma la pampu hazikuwekewa gundi ya nyuzi, zikalegea. Au bomba la kuvutia oili lina ufa, kasoro inayojulikana kwenye EJ za turbo, na linavuta hewa. Zote hurekebishwa bila kutenganisha bloku, na ndiyo maana hatua hii hutangulia.

Kama vipimo vyote hadi hapa ni safi, washa injini. Oili ikifika nyuzi 80 za Selsiasi, kitabu cha EJ hutaka angalau kPa 98, sawa na psi 14, injini ikiwa kwenye mzunguko wa 600 kwa dakika, na kPa 294, sawa na psi 43, kwenye 5,000. Usiupandishe mzunguko huo wa pili kwa injini ambayo bado unaitilia shaka.

## Hatua ya 6: Fungua kwa utaratibu

Ukikuta vipande vya beringi, au kosa lisilorekebishika kwa nje, itoe injini nje ya gari. Mwite fundi aliyeifunga awepo, na mpige picha pamoja kila kinachofunguliwa. Malipo ya kurudia kazi huamuliwa hapa, na ushahidi wa simu yako una uzito kuliko maneno. Weka alama ya rangi kwenye kila bolti kabla ya kuilegeza, na kila kipande kiingie kwenye boksi la namba yake.

Jambo moja la pekee kwa EJ: bloku ina nusu mbili, na pini za pistoni huchomolewa kupitia matundu ya pembeni mwa bloku kabla ya nusu hizo kuachana. Asiyejua hilo huzipiga nusu kwa nyundo huku konrodi bado zimezishika.

Unachotafuta ni hiki.

Kofia za konrodi. Namba ya kofia na ya konrodi lazima zifanane, na vijino vya kushikia beringi lazima viwe upande mmoja. Kofia iliyogeuzwa au kubadilishana na jirani hubana beringi upande mmoja na kuilegeza mwingine.

Beringi za kranki. Tundu la oili kwenye beringi lazima lilingane na tundu la bloku. Beringi ya kuzuia kranki kwenda mbele na nyuma iko namba 3 kwenye bloku za zamani na namba 5 kwenye za baadaye, na watu hununua seti isiyo ya bloku yao.

Ringi. Herufi au nukta kwenye ringi hutazama juu. Ringi ya pili iliyogeuzwa hupandisha oili badala ya kuishusha, na huo ndio moshi wa buluu usioisha. Ncha za ringi zinazong'aa zimegusana zikiwa moto, maana yake mwanya ulikuwa mdogo, na pistoni ichunguzwe kama kuta za mifuo yake zimepasuka.

Klipu za pini. Mfuo mrefu ulionyooka kwenye ukuta wa silinda ni saini ya klipu iliyochomoka. Silinda hiyo haiponi kwa msasa.

Ukuta wa silinda. Kama mikwaruzo iko juu tu, karibu na maungio ya hedi, huenda silinda ilichongwa bila bamba la toki. Silinda za EJ hubadilika umbo hedi inapokazwa, kwa hiyo huchongwa nusu za bloku zikiwa zimefungwa pamoja na bamba zito likiwa limekazwa mahali pa hedi.

## Hatua ya 7: Toa uchafu wa injini ya kwanza

Hapa ndipo injini ya pili hufa kwa ugonjwa wa ya kwanza. Niliwahi kuletewa EJ20 iliyofungwa mara tatu kwa mwaka mmoja, kila mara kwa beringi mpya na kranki nzuri, na kila mara ikinoki kabla ya kilomita 500. Kipoza oili kilikuwa kile kile tangu mwanzo. Nilipokikata, kilikuwa na unga wa beringi za injini zote tatu.

Beringi ikivunjika, vipande vyake huenda kokote oili inakoenda. Kipoza oili hakisafishiki kikamilifu, kinunuliwe kingine. Turbo ikaguliwe shafti yake, na mabomba yake ya oili yabadilishwe au yasafishwe hadi yaonekane mwanga upande wa pili. Vichujio vidogo vilivyo ndani ya bolti za mabomba ya oili ya turbo na ya kamshafti visisahauliwe. Plagi za njia za oili za bloku zing'olewe, njia zisuguliwe kwa brashi ndefu na maji ya sabuni, zipulizwe hewa, kisha zipakwe oili papo hapo zisishike kutu.

Fundi akikuambia kwamba ameosha bloku kwa petroli na inatosha, pitisha kitambaa cheupe chenye oili ndani ya silinda na umwonyeshe rangi yake.

## Hatua ya 8: Funga upya kwa vipimo

Fuata karatasi za mtengenezaji kwanza. Namba ninazotoa ni za kukuamsha ukiona kipimo kilicho mbali nazo.

1. Pima nafasi ya oili ya beringi za konrodi kwa maikromita, beringi zikiwa ndani na bolti zikiwa zimekazwa kwa nguvu ya mwisho. Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya kranki. Kwa shingo ya milimita 52 ya EJ, hiyo ni karibu milimita 0.05.
2. Pima mwanya wa ringi ya juu ndani ya silinda yake yenyewe, ukiinyoosha ringi kwa kuisukuma na pistoni. Kwa silinda ya milimita 92 yenye turbo, mwanya huwa karibu nusu milimita, na wa ringi ya pili huzidi kidogo.
3. Kaza bolti za konrodi kwa kilainishi kile kile kilichotajwa kwenye karatasi yake. Bolti ile ile, kwa nguvu ile ile ya spana, hubana tofauti ikipakwa oili ya kawaida na ikipakwa mafuta mazito ya bolti.
4. Paka silikoni kwenye maungio ya bloku kama uzi mwembamba wa milimita 1, mbali na matundu ya oili na mifuo ya ringi za mpira, kisha unganisha nusu mara moja.
5. Hakikisha kila klipu ya pini imeingia kwenye mfuo wake kwa kuizungusha kidogo kwa ncha ya bisibisi. Ikikataa kuzunguka, haijakaa.
6. Bolti za hedi za kiwandani hukazwa, hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa kipimo cha pembe (nyuzi). Kama umeweka stadi (nondo zenye nati badala ya bolti) za kampuni nyingine, utaratibu huo haukuhusu. Fuata wa kwao.
7. Zungusha kranki kwa mkono baada ya kila pistoni kuingia. Uzito ukiongezeka ghafla, kosa ni la kipande ulichoweka mwisho.

Kila bolti iliyokazwa ipigwe alama ya rangi, na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari kabla ya kwenda kwa kinachofuata. Usifunge bloku jioni umechoka.

## Hatua ya 9: Kuwasha na kilomita za mwanzo

Rudia hatua ya 3 na ya 5 kama zilivyo. Tumia oili ya madini, si sintetiki, ili ringi zijikalie. Injini ikiwaka, tazama geji kwanza, sikio baadaye. Isipoonyesha presha ndani ya sekunde chache, zima.

Usiiache kwenye mzunguko wa chini kwa saa nzima kama ilivyo desturi ya gereji nyingi. Ringi hujikalia kwa shinikizo la mzigo, kwa hiyo ikishapata joto na ukaona hakuna kinachovuja, iendeshe barabarani kwa kukanyaga kiasi na kuachia, bila kupandisha presha ya turbo.

Mwaga oili ya kwanza baada ya nusu saa ya kazi, ukate filta na uisome kama ulivyofanya hatua ya 2. Rudia kwenye kilomita 100, na tena kwenye 500. Kila filta inatakiwa kuwa safi kuliko iliyotangulia. Kwenye kilomita 1,000 pima uvujaji wa silinda zote nne na uandike namba zake kwenye ukurasa ule ule wa vipimo vya ufungaji. Hapo ndipo gari liende kupimwa programu ya kompyuta na kuongezewa presha ya turbo.